Jinsi ya Kutambua Mabadiliko ya Utando wa Bakteria Sugu kwa Vifaa vya Maabara ya Kawaida

Majibu ya maabara yanayosema kwamba bakteria fulani ni sugu yanamtosha daktari anayetaka kujua dawa ipi aiache, lakini hayamtoshi mtaalamu wa maabara, kwa sababu hayaelezi bakteria huyo amenusurika kwa njia gani. Njia kuu zinazojulikana ni kuivunja dawa kwa kimeng'enya, kubadilisha shabaha ambayo dawa inailenga, kuizuia dawa isiingie ndani ya seli, na kuitoa nje ile iliyokwisha kuingia. Hizo mbili za mwisho ni kazi ya utando, na kwa baadhi ya dawa, kolistini ikiwa mfano ulio wazi kuliko yote, utando wenyewe ndio shabaha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutambua kwamba utando umebadilika kwa kutumia vifaa ambavyo maabara ya bakteriolojia ya hospitali, ya mifugo au ya chuo hapa Arusha na Moshi huwa navyo: inkubeta, otoklevu, agari ya Mueller-Hinton, diski za dawa, mirija ya kioo na rula. Nimewaandikia watu ambao tayari wanajua kuotesha sampuli na kutambua koloni, kwa hiyo sitarudia hatua hizo.

Wazo linaloongoza kazi yote ni hili. Kimeng'enya kinachovunja dawa huacha alama katika familia moja ya dawa. Utando uliobadilika huacha alama inayovuka mipaka ya familia, kwa kufuata ukubwa wa molekuli, chaji yake na mlango inaoutumia kuingia. Na mara nyingi bakteria anapojikinga na dawa moja hujikuta amejifunua kwa nyingine. Kwa hiyo usiitazame diski moja, tazama sahani nzima, kisha uliza ni mabadiliko gani ya utando yangeweza kuleta picha hiyo. Kipimo kimoja peke yake hakimpi mtu haki ya kuandika katika ripoti kwamba utando umebadilika. Vinahitajika viwili au vitatu vinavyoelekea upande mmoja, kila kimoja kikiwa na bakteria wa kulinganishia ambaye tabia yake inajulikana.

Kinachobadilika

Bakteria wa Gram hasi, kama Escherichia coli, Klebsiella pneumoniae, Pseudomonas aeruginosa na Acinetobacter baumannii, wana tando mbili. Utando wa ndani ni fosfolipidi pande zote mbili, katika E. coli, takriban robo tatu yake ni fosfatidiletanolamini, na zinazobaki ni fosfatidilgliseroli pamoja na kadiolipini kidogo. Utando wa nje una fosfolipidi upande wa ndani tu, ilhali upande unaotazama nje umejaa lipopolisakaridi, molekuli ambayo mzizi wake, unaoitwa lipidi A, umebeba fosfeti zenye chaji hasi. Chaji zinazofanana husukumana, na utando huo ungeachana vipandevipande kama si ioni za magnesiamu na kalsiamu zinazokaa katikati na kuushikanisha kama saruji inavyoshikanisha matofali. Utando wa namna hiyo huzuia dawa kubwa na zile zisizopatana na maji. Dawa ndogo zinazoyeyuka majini hupita katika protini-mlango, ambazo kwa E. coli huruhusu molekuli zenye uzito usiozidi daltoni 600 hivi.

Mabadiliko yanayohusu usugu ni ya aina nne. Protini-mlango zinaweza kupungua au kupotea: OmpF na OmpC katika E. coli, OmpK35 na OmpK36 katika Klebsiella, OprD katika Pseudomonas. Pampu zinazotoa dawa nje, kama AcrAB-TolC ya E. coli na MexAB-OprM ya Pseudomonas, zinaweza kutengenezwa kwa wingi kupita kawaida. Lipidi A inaweza kufunikwa chaji yake hasi kwa kuongezewa fosfoetanolamini au sukari ya aminoarabinosi, na kolistini, ambayo ina chaji chanya na huanza kazi yake kwa kuzing'oa ioni za magnesiamu na kalsiamu, ikakosa pa kushika. Mwisho, lipopolisakaridi yenyewe inaweza kupotea yote, jambo lililoelezwa mwaka 2010 katika Acinetobacter ambao jeni zao lpxA, lpxC au lpxD zilikuwa zimeharibika.

Aina ya tatu inastahili maneno zaidi kwa sababu ina vyanzo viwili tofauti. Inaweza kutokana na mabadiliko katika kromosomu ya bakteria mwenyewe, kwa mfano katika mifumo ya udhibiti ya PhoPQ na PmrAB, au katika jeni mgrB ya Klebsiella ambayo ikiharibika breki ya PhoPQ huachia. Inaweza pia kuletwa na jeni mcr-1, ambayo watafiti wa China waliitangaza mwaka 2015 baada ya kuikuta katika E. coli wa nguruwe, wa nyama na wa wagonjwa, ikiwa imebebwa na plasmidi, yaani kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu. Tofauti hii ni kubwa katika kinga ya maambukizi: mabadiliko ya kromosomu hurithiwa na kizazi cha bakteria huyo, lakini plasmidi huhamia kwa bakteria jirani, hata wa spishi nyingine.

Maji na otoklevu kabla ya yote

Huku kwetu makosa mengi ya vipimo vya utando huanzia kwenye maji. Maji ya miteremko ya Meru na Kilimanjaro hupita katika miamba ya volkano na hubeba madini, na kiasi chake hutofautiana kutoka chemchemi hadi chemchemi. Kila mkazi wa Arusha anaifahamu fluoraidi ya upande wa kata ya Maji ya Chai kwa kuiona kwenye meno ya watu. Kwa kazi hii kinachotusumbua ni kalsiamu na magnesiamu. Zikizidi katika chakula cha bakteria, huimarisha utando wa nje na kumfanya bakteria dhaifu aonekane sugu kwa kolistini. Zikipungua, bakteria sugu anaweza kuonekana dhaifu. Mchuzi wa Mueller-Hinton uliorekebishwa unatakiwa kuwa na miligramu 20 hadi 25 za kalsiamu na miligramu 10 hadi 12.5 za magnesiamu kwa lita, na hesabu hiyo huharibika mara unapochanganya unga wake na maji ya bomba. Tumia maji yaliyotoneshwa au yaliyoondolewa ioni. Chujio la mkaa wa mifupa linalotumika majumbani kupunguza fluoraidi halikutengenezwa kwa kazi hii, wala maji ya chupa hayafai, kwa kuwa nayo yana madini.

Jambo la pili ni mwinuko. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 86 badala ya 101. Kipimashinikizo cha otoklevu huonyesha tofauti kati ya ndani na nje, wala si shinikizo lote lililomo. Ukifuata kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya pwani na kuishia kwenye pauni 15 kwa inchi ya mraba, mvuke ulio ndani utakuwa na joto la nyuzi 118 hivi za Selsiasi, haujafika 121. Ili ufike, Arusha unahitaji takriban pauni 17. Moshi, iliyo chini zaidi, unahitaji kama 16.5. Otoklevu za kisasa zinazopima joto lenyewe hazina tatizo hili, lakini zile za kuweka jikoni juu ya moto, ambazo bado zipo katika maabara nyingi, zinalo. Agari isiyosafishwa vizuri ikiota kitu usichokipanda utakiona. Bakteria sugu waliotoka kwenye otoklevu wakiwa hai hutawaona.

Kusoma sahani ya diski kwa jicho la utando

Andaa sahani ya kawaida ya diski: agari ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4, mchanganyiko wa bakteria katika maji ya chumvi wenye ukungu wa McFarland 0.5 (kipimo cha wingi wa bakteria kwa kuutazama ukungu wao), diski ziwekwe ndani ya dakika 15 baada ya kupaka, na inkubeta iwe nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Kama huna kipima ukungu, tengeneza kiwango cha McFarland 0.5 kwa kuchanganya mililita 0.05 za bariamu kloridi ya asilimia 1.175 na mililita 9.95 za asidi ya sulfuriki ya asilimia 1, ukifunge vizuri katika mrija wa kioo na ukitikise kila unapolinganisha. Pamoja na bakteria wako, otesha kila mara wa kulinganishia: E. coli ATCC 25922 kwa jamii ya E. coli na Klebsiella, na P. aeruginosa ATCC 27853 kwa Pseudomonas.

Ukishapima kwa rula maduara safi yanayozizunguka diski, anza na Pseudomonas, kwa sababu mfano wake ni safi kuliko wote. Imipenemu, ambayo pamoja na meropenemu ni ya familia ya kabapenemu, huingia kwa P. aeruginosa hasa kupitia OprD. Mlango huo ukipotea, duara la imipenemu hupungua hadi kwenye usugu, la meropenemu hupungua kwa kiasi kidogo zaidi, na la seftazidimu hubaki vilevile. Pampu ya MexAB-OprM ikizidi, picha hugeuka: meropenemu inaathirika, imipenemu inabaki nzuri kwa kuwa pampu hiyo haiitoi, na siprofloksasini, ambayo si ya familia hiyo kabisa, nayo inapoteza nguvu. Zote mbili zikianguka pamoja na seftazidimu, usikimbilie utando. Mshuku kwanza kimeng'enya cha kabapenemasi, kinachovunja kabapenemu, na umpime huyo bakteria kwa kipimo chake. Hapa kuna mtego mmoja: imipenemu ni dawa isiyodumu, na diski zilizokaa kwenye friji linalozimwa na kukatika kwa umeme hupoteza nguvu na kuonyesha usugu usiokuwapo. Duara la ATCC 27853 ndilo litakalokuambia kama tatizo ni bakteria au ni diski.

Kwa Klebsiella, angalia etapenemu, kabapenemu nyingine. Bakteria mwenye vimeng'enya vinavyovunja sefalosporini akipoteza OmpK35 na OmpK36, dawa kidogo inayofanikiwa kuingia huvunjwa polepole, na etapenemu huwa ya kwanza kushindwa wakati meropenemu bado inafanya kazi. Etapenemu ikianguka peke yake, na kipimo cha kabapenemasi kikiwa hasi, una sababu nzuri ya kushuku milango. Sefoksitini iliyopungua huongeza nguvu ya ushahidi huo, ingawa si sana, kwa kuwa vimeng'enya vya AmpC navyo huishusha.

Kolistini: kipimo cha diski katika mchuzi

Kolistini haipimwi kwa diski juu ya agari. Molekuli yake ni kubwa na ina chaji chanya nyingi, kwa hiyo husambaa vibaya katika agari, na tofauti ya duara kati ya bakteria dhaifu na sugu huwa ndogo kiasi cha kutokuaminika. CLSI ya Marekani na EUCAST ya Ulaya, kamati zinazoweka viwango vya vipimo vya usugu, zilikubaliana mwaka 2016 kwamba kipimo cha rejea ni kile cha mchuzi katika vishimo vidogo, kwa kutumia kolistini ya sulfeti bila kuongeza polisobeti. Dawa ya sindano ya wodini, kolistimethati, haifai hata kidogo, kwani ni kitangulizi kinachogeuka kuwa kolistini polepole. Maabara isiyo na unga wa kolistini sulfeti wala mizani nzuri inaweza kutumia njia ambayo CLSI imeikubali kwa jamii ya Enterobacterales (E. coli, Klebsiella na jamaa zao) na P. aeruginosa: kuziachia diski zenyewe zitoe dawa ndani ya mchuzi. Naipenda njia hii kwa sababu hesabu yake inafanyika kichwani.

Chukua mirija minne ya kioo yenye vifuniko vya kusokota, kila mmoja ukiwa na mililita 10 za mchuzi wa Mueller-Hinton uliorekebishwa. Kioo kinasisitizwa kwa sababu kolistini hunata kwenye plastiki, na kadiri inavyonata ndivyo inavyopungua katika mchuzi. Acha mchuzi ufikie joto la chumba. Mrija wa kwanza usitie diski. Wa pili tia diski moja ya kolistini ya mikrogramu 10, wa tatu diski mbili, wa nne diski nne. Mikrogramu 10 katika mililita 10 ni mikrogramu 1 kwa mililita, kwa hiyo una viwango vya 0, 1, 2 na 4. Tikisa kwa upole, kisha iache mirija dakika 30 ili dawa itoke kwenye karatasi. Usizidishe dakika 60.

Wakati huohuo chukua koloni changa za usiku mmoja kutoka kwenye agari isiyo na dawa, uzitengenezee mchanganyiko wa McFarland 0.5 katika maji ya chumvi, na utie mikrolita 50 katika kila mrija. Mchanganyiko huo una bakteria wapatao milioni 150 kwa mililita, na kwa kuwa mikrolita 50 katika mililita 10 ni sehemu moja katika 200, kila mililita ya mchuzi itakuwa na bakteria laki saba na nusu hivi. Kaza vifuniko, tikisa polepole bila kuzichana diski, halafu vilegeze kidogo na uiweke mirija katika inkubeta ya nyuzi 33 hadi 35 kwa saa 16 hadi 20. Kutoka kwenye kila mchanganyiko, choresha pia lupu moja kwenye agari ya damu ili kesho yake uhakikishe kwamba ulipima bakteria wa aina moja.

Soma mirija kwa kuitazama mbele ya karatasi yenye mistari myeusi. Mrija usio na diski lazima uwe na ukungu. Usipokuwa nao, kipimo kimeharibika na kinarudiwa. Kiwango cha chini kabisa ambacho mchuzi wake umebaki safi ndicho kizuizi cha dawa kwa bakteria huyo. Kizuizi cha 4 au zaidi ni usugu. Kwa mujibu wa CLSI, 2 au chini yake huripotiwa kuwa hali ya kati, kwa kuwa hakuna kiwango wanachokiita salama kwa mgonjwa. E. coli ATCC 25922 asionekane kuota katika mrija wa 2, na E. coli NCTC 13846 mwenye mcr-1 anategemewa kuwa na kizuizi cha 4. Mirija ikirukana, yaani wa 1 safi lakini wa 2 una ukungu, rudia kipimo na uchunguze kama kuna kundi dogo sugu ndani ya bakteria wengi dhaifu. Kabla ya kushangilia usugu wowote, hakikisha hujampima Proteus, Providencia, Morganella au Serratia, kwani hao ni sugu kwa kolistini kwa asili yao.

Ukishapata E. coli sugu, swali linalofuata ni kama ana mcr au amebadilika kwenye kromosomu. Protini ya MCR-1 ni kimeng'enya kinachohitaji zinki, kwa hiyo EDTA, ambayo hunyakua ioni za metali, hudhoofisha kazi yake na kizuizi cha kolistini hushuka. Lakini EDTA hiyohiyo hunyakua magnesiamu ya utando wa nje na kuulegeza kwa bakteria yeyote, awe na mcr au asiwe nayo. Kwa sababu hiyo kipimo cha EDTA hakina maana bila mrija wenye EDTA peke yake, bila ATCC 25922, na bila bakteria mwenye mcr-1 anayejulikana, wote wakipimwa siku hiyohiyo. Binafsi nakichukulia kuwa njia ya kuchagua nani wapelekwe kwanza kwenye PCR, kipimo kinachotafuta jeni kwa kuinakili mara nyingi. Kinachothibitisha mcr ni kuiona jeni.

Mahali pazuri pa kuanzia kutafuta ni kwa kuku. Kolistini sulfeti imetumika katika ufugaji sehemu nyingi za dunia kwa kuchanganywa na maji au chakula, na China ilipiga marufuku matumizi yake ya kukuza mifugo mwaka 2017. Ukichukua sampuli za kinyesi kwenye mabanda ya pembezoni mwa mji, mwombe mfugaji akuonyeshe pakiti za dawa alizotumia na uandike kiambata kilichotajwa kwenye lebo, si jina la biashara, kwa sababu wafugaji wengi wanaijua dawa kwa rangi ya pakiti. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kolistini kuwa dawa ya akiba kwa binadamu, na hilo ni jambo la kumweleza mfugaji kwa lugha ya kawaida mkiwa bado bandani.

Diski ya vankomaisini kwa Acinetobacter

Hiki ni kipimo cha gharama ndogo kuliko vyote. Vankomaisini ina uzito wa daltoni 1,449 hivi, haipenyi utando wa nje ulio mzima, na kwa kawaida diski yake huzungukwa na bakteria wa Gram hasi hadi ukingoni. Acinetobacter baumannii aliyepoteza lipopolisakaridi yote huwa sugu sana kwa kolistini, lakini utando wake huruhusu vankomaisini kupita. Pakaza kwenye agari Acinetobacter aliyethibitishwa kuwa sugu kwa kipimo cha rejea cha vishimo vidogo, maana ile njia ya diski katika mchuzi haijakubaliwa kwa jamii hii, kisha uweke diski ya vankomaisini ya mikrogramu 30. Upande wa pili wa sahani mpakaze Acinetobacter asiye sugu.

Duara safi kwa yule sugu na kutokuwapo duara kwa mwenzake kunaashiria kwamba utando wa nje una kasoro kubwa. Kukosekana kwa duara kwa wote wawili kunaelekeza kwenye lipidi A iliyofunikwa chaji, ambayo haiufungulii utando kwa molekuli kubwa. Tazama pia ukubwa wa koloni: waliopoteza lipopolisakaridi huota polepole, kwa hiyo mpe saa 24 kabla ya kusoma, na ukiona weupe hafifu ndani ya duara utumie lenzi kutafuta koloni ndogondogo.

Pampu

Pampu hupimwa kwa rangi inayong'aa. Ethidiamu bromidi ikiwa ndani ya seli na kushikana na DNA hung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno; seli yenye pampu kali huitoa nje na kubaki na giza. Andaa sahani za agari zenye ethidiamu ya miligramu 0, 0.5, 1, 1.5, 2 na 2.5 kwa lita, uzilinde na mwanga, na uchoreshe bakteria kadhaa kutoka katikati kwenda ukingoni kama miale. Kesho yake tazama chini ya taa ya urujuanimno na uandike kiwango cha chini kabisa ambacho kila mstari umeanza kung'aa. Anayehitaji kiwango kikubwa zaidi ya mwenzake wa kulinganishia ndiye mwenye utoaji mkubwa. Nakala moja ya sahani ikiwekwa kwenye friji usiku mmoja, pampu hukosa nishati, na waliokuwa gizani huanza kung'aa. Hapo utajua kwamba giza lilitokana na pampu, wala si na milango iliyofungwa.

Ethidiamu hubadilisha DNA ya mtu kama inavyoshikana na ya bakteria. Vaa glavu za nitrili, tenga vifaa vyake, na taka zake zisichanganywe na taka za kawaida wala kumiminwa kwenye sinki. Maabara isiyo na utaratibu wa kutupa taka za kemikali iache kipimo hiki.

Bakteria wa Gram chanya, kwa ufupi

Staphylococcus aureus hana utando wa nje, na usugu wake maarufu kwa methisilini unatokana na shabaha iliyobadilika, PBP2a, si kizuizi cha utando. Mfano wa utando kwake ni daptomaisini: protini ya MprF hupachika laisini kwenye fosfatidilgliseroli, uso wa seli hupata chaji chanya, na dawa inayohitaji kalsiamu ili ishike husukumwa mbali. Anayeipima anahitaji mchuzi wenye kalsiamu miligramu 50 kwa lita, na diski haziaminiki.

Kuripoti na kuhifadhi

Katika ripoti andika ulichokiona kabla ya unachokidhani: "E. coli, kizuizi cha kolistini zaidi ya mikrogramu 4 kwa mililita kwa njia ya diski katika mchuzi; kizuizi kimeshuka kwa EDTA; mcr inashukiwa, inasubiri PCR." Kwa Pseudomonas: "Sugu kwa imipenemu, si sugu kwa meropenemu wala seftazidimu, kupotea kwa OprD kunashukiwa." Majibu ya mgonjwa yapelekwe kwa daktari kwa viwango vya kawaida vya usugu, bila kusubiri udadisi wetu wa utando.

Kabla ya kumhifadhi bakteria, mpitishe mara kadhaa kwenye agari isiyo na dawa na umpime tena. Usugu unaotoweka ndani ya vizazi vichache unaweza kuwa wa plasmidi iliyodondoshwa au wa mfumo wa udhibiti uliozima, na usugu unaobaki una uwezekano mkubwa wa kuwa umeandikwa kwenye kromosomu. Hifadhi mirija ya koloni ya mwanzo na ya aliyepitishwa, kila mmoja katika gliseroli ya asilimia 20 kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, ukiandika tarehe, chanzo cha sampuli na idadi ya kupitishwa.

Anayetaka kuusoma mpangilio wote wa jeni hahitaji kutazama ng'ambo kwanza: watafiti wa Moshi wamekwisha kuchapisha uchambuzi wa jinomu za bakteria waliotoka kwa wagonjwa wa hospitali ya KCMC, na Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Kwa utafiti unaohusu sampuli za wagonjwa, omba kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kabla ya kuanza, na bakteria akivuka mpaka wa nchi uwe na mkataba wa kuhamisha sampuli. Kwa safari ya basi kati ya Arusha na Moshi funga tabaka tatu: mrija uliokazwa na kuzungushiwa utepe, chombo cha pili kisichovuja chenye pamba ya kutosha kunyonya kimiminika chote, na boksi gumu la nje lenye alama ya UN3373 (alama ya kimataifa ya sampuli za kibaolojia), jina la maabara inayotuma na namba ya simu ya mtu atakayepokea, naye apigiwe simu kabla basi halijaondoka.